Sura ya Sita: Ruta, Ukuta na Umeme

Mkazi wa Kacyiru hana haki ya kulalamika kwamba intaneti haijamfikia. Hapa pana wizara za serikali, makao makuu ya polisi ya Rwanda, ubalozi wa Marekani, Hospitali ya King Faisal na Maktaba ya Umma ya Kigali iliyofunguliwa mwaka 2012. Mwaka huohuo, ndani ya jengo la Telecom House, Boulevard de l'Umuganda, ilifunguliwa kLab ili vijana wanaoandika programu wapate pa kukutana na kufanya kazi. Faiba imepita mbele ya nyumba nyingi. Lakini teremka hadi Kamutwa au Kibaza saa mbili usiku, uingie sebuleni kwa watu, na hutakosa kumkuta mtu aliyesimama dirishani na simu mkononi, video imeganda, anasema waifai imekataa. Kesho yake anapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, kwenda mjini kununua ruta yenye antena nyingi kuliko ile aliyonayo.

Sura hii ni ya mtu huyo, kabla hajapanda moto.

Swali la kwanza si ruta ipi. Ni kama ruta ndiyo yenye kosa. Rwanda haina bahari. Kila unachofungua kilichohifadhiwa ng'ambo hupita nchi kavu kwanza, ama Uganda na Kenya hadi Mombasa, ama Tanzania hadi Dar es Salaam, ndipo kiingie kwenye nyaya za chini ya bahari. Nyaya hizo zenyewe si za zamani: SEACOM na TEAMS zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, na waliokuwepo wanakumbuka bei yake. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima, Rwanda ikiwemo. Siku kama hiyo unaweza kuzima na kuwasha ruta mpaka kidole kiote sugu. Tatizo liko baharini.

Basi pima kabla ya kununua. Chukua kompyuta, iunganishe kwa waya moja kwa moja kwenye kisanduku cha kampuni, upime kasi. Kisha pima kwa simu ukiwa umekaa mita mbili kutoka kwenye kisanduku hichohicho. Kisha nenda chumbani, pale unapoteseka, upime tena. Fanya hivyo asubuhi, na urudie usiku wakati majirani wote wako nyumbani. Kama kwa waya kasi ni mbovu, ipigie simu kampuni inayokuuzia intaneti. Ruta mpya haitakusaidia lolote. Kama kwa waya ni nzuri na karibu na kisanduku ni nzuri, ila chumbani hakuna kitu, ukuta ndio adui. Ikiwa kwa waya ni nzuri lakini hata ukiwa karibu ni mbovu, hapo sasa ruta ina kesi ya kujibu. Na kwa wenye faiba: taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, maana yake mwanga haufiki kwenye kisanduku. Ama faiba imekunjwa au kukatika mahali, ama kuna hitilafu upande wa kampuni. Hilo halina dawa dukani.

Watu wengi hununua ruta bila kujua kwamba wanayo tayari. Ukijiunga na faiba Kigali, iwe CanalBox, Liquid, MTN au nyingine, fundi huja na kisanduku chake, na mara nyingi kisanduku hicho hutoa waifai chenyewe. Starlink, iliyoingia Rwanda mwaka 2023, nayo huja na ruta pamoja na sahani yake. Visanduku hivi husemwa vibaya kuliko vinavyostahili. Kwa nyumba ya vyumba viwili yenye simu tano na televisheni moja, vingi kati ya hivyo vinatosha vikiwekwa mahali pake.

Wa 4G wana habari tofauti. Mwaka 2013 serikali na kampuni ya KT ya Korea waliunda KTRN, ikawa ndiyo pekee yenye kujenga mtandao wa 4G nchini na kuuza kwa jumla. Kampuni za simu zilinunua kwake na kutuuzia sisi. Utaratibu huo ulidumu mpaka 2023, soko lilipofunguliwa na MTN ikawasha 4G yake. Jambo hili la kisera lina matokeo hata sebuleni. Ruta ya 4G huingizwa laini ya simu, na nyingi zilizouzwa na kampuni zimefungwa zisipokee laini ya mwingine. Kwa hiyo anayenunua ruta ya 4G iliyokwisha kutumika aende na laini yake mfukoni, aiingize palepale mbele ya muuzaji, na aone ukurasa unafunguka. Asikubali kuambiwa kwamba itafunguliwa baadaye.

Sasa tuseme umepima na ruta imepatikana na hatia. Unasimama mbele ya rafu, na kila boksi lina namba. AC1200. AX1500. AX3000. Herufi hutaja kizazi: AC ni Wi-Fi 5, iliyotoka 2013, AX ni Wi-Fi 6, iliyoanza kupewa cheti mwaka 2019, boksi lililoandikwa N300 ni Wi-Fi 4, ya mwaka 2009. Namba nayo ni hesabu ya kibiashara. Ruta ya AC1200 ina bendi mbili: ile ya gigahezi 2.4 yenye megabiti 300 kwa sekunde, na ile ya gigahezi 5 yenye 867. Jumla ni 1167. Wakazungusha ikawa 1200. Simu yako hutumia bendi moja kwa wakati, kwa hiyo jumla hiyo haiioni kamwe. Hata hizo 867 ni za maabara. Ukipata nusu yake chumba kimoja na ruta, umepata vizuri.

Namba inayoamua zaidi haiandikwi kwa herufi kubwa. Geuza boksi, utafute kasi ya matundu ya waya. Chukua TP-Link mbili zinazofahamika, Archer C50 na Archer C6. Zote ni AC1200. Lakini C50 ina matundu ya megabiti 100, na C6 ina ya gigabiti, yaani 1000. Anayelipia megabiti 200 akaweka C50 nyuma ya kisanduku cha faiba, kila mwezi analipa mia mbili na kupata chini ya mia. Anayelipia 50 hana hasara yoyote, na atakuwa amebakisha pesa. Wanaopenda kusema kitu rahisi ni ghali wangekaa kimya hapa: rahisi ni ghali pale tu isipolingana na kifurushi chako.

Kuhusu kizazi, msimamo wangu ni huu. Kwa Kacyiru usinunue tena ruta mpya yenye bendi moja ya 2.4, hata ukiuziwa kwa bei ya chakula cha mchana. Bendi hiyo ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na kwenye mteremko wenye nyumba zilizobanana kuna waifai kadhaa zinazogombania tatu hizo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda, ile kazi ya pamoja ya jamii, ukishakwisha na watu wamerudi ndani, utaelewa ninachosema. Oveni ya maikrowevu nayo hufanya kazi karibu na masafa hayohayo. Bendi ya 5 ina nafasi tele. Lakini usiizime ile ya 2.4, kwa sababu simu nyingi za bei ya chini haziijui nyingine. Wi-Fi 5 yenye bendi mbili ndiyo ngazi ya chini kabisa. Wi-Fi 6 inunue ikiwa tofauti ya bei ni ndogo na nyumba ina vifaa vingi. Wi-Fi 7 waachie wenye kutaka kujionyesha, kwa sasa.

Antena je? Sita si bora kuliko nne kwa sababu tu ni sita. Nyingine zimewekwa ili boksi lipendeze. Na hata ruta ingekuwa na nguvu kiasi gani, mawasiliano ni ya pande mbili. Mtu wa Kacyiru akimwita mwenzake aliye ng'ambo ya bonde, Gisozi, kwa kipaza sauti, atasikika. Lakini mwenzake hana kipaza sauti, na jibu lake linapotelea bondeni. Simu yako ndiyo huyo wa Gisozi. Ndiyo maana unaona mistari yote ya waifai imejaa na bado ukurasa haufunguki.

Hapa tunafika kwenye kuta, na kuta za Kigali zinastahili kuzungumzwa kwa kirefu. Ukuta wa mbao na jasi, ambao watengenezaji wengi wa ruta huufikiria wanapoandika kwamba kifaa kinatosha nyumba nzima, huku haupo. Hapa kuna rukarakara, tofali nene la udongo. Kuna tofali la kuchoma lililopigwa plasta pande zote mbili. Kuna zege lenye nondo, hasa kwenye nyumba zilizochimbwa mlimani ambapo ukuta mmoja unashikilia nyumba na udongo wa jirani wa juu. Gigahezi 2.4 hupenya kuta kwa shida; gigahezi 5 hukata tamaa mapema zaidi. Ongeza milango ya chuma, nondo za madirisha, kioo kikubwa cha kabati na tangi la maji, maana chuma hurudisha mawimbi na maji huyameza. Nyumba ya ghorofa mbili iliyokaa mteremkoni inaweza kuwa na waifai safi kwenye bustani na isiwe nayo chumba cha kulala.

Na kisanduku kimewekwa wapi? Kwenye kona ya televisheni, karibu na dirisha ambamo faiba iliingia, kwa sababu fundi alikuwa na nyumba nyingine za kwenda na huko ndiko kulikuwa karibu. Nusu ya mawimbi inakwenda barabarani. Ukiwa bado hujaunganishwa, zungumza na fundi kabla hajatoboa ukuta. Mwombe faiba ifike katikati ya nyumba, koridoni, juu kidogo ya kichwa cha mtu mzima, na isikunjwe kwa pembe kali. Ukiwa umeshaunganishwa, acha kisanduku pale, vuta waya wa mtandao hadi katikati ya nyumba, na ruta yako uiweke huko. Mita kumi za waya huleta nafuu ambayo ruta ya bei mara tatu haiwezi kuleta ikiwa imefungiwa ndani ya kabati la televisheni nyuma ya picha za harusi.

Kuna wanaokimbilia viongeza waifai vya kuchomeka kwenye soketi. Sivipendi. Vya bei nafuu hupokea na kurusha kwa redio ileile, na hapo kasi hupungua karibu nusu, kisha watu huviweka ndani ya chumba kibovu kilekile, mahali ambapo havisikii chochote cha kurusha. Seti za mesh, yaani vituo kadhaa vinavyorusha mtandao mmoja, ni bora, ila bei yake si ya kila nyumba, na zenyewe hustawi zaidi zikiunganishwa kwa waya.

Baada ya ukuta, umeme. Kigali umeme haukatiki kama zamani, lakini hupepesa. Taa inazima sekunde mbili na kurudi, hakuna anayejali, ila ruta imezimika na itachukua dakika kadhaa kuamka. Kwa mtu aliye kwenye mkutano wa video hizo dakika ni ndefu. Tangu Machi 2020, Rwanda ilipofunga shughuli kwa sababu ya korona na ofisi nyingi za Kacyiru zikahamia mezani pa chakula, hili limekuwa suala la ajira. Dawa yake ni UPS ndogo ya ruta, yenye betri ndani na matundu ya volti 9 na 12. Soma volti kwenye adapta ya ruta yako kwanza. Ukiingiza 12 kwenye kifaa cha 9 unaweza kukiunguza. Hesabu ya betri nayo ina mtego. Muuzaji atakuambia mAh 10,000, lakini kwa kawaida hizo huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli, yaani wati-saa 37, na kitu hupotea katika kupandisha volti. Kisanduku cha faiba na ruta vikila pamoja wati 12, utapata saa mbili na nusu hivi. Vyote viwili lazima viwe kwenye UPS. Wengi huokoa ruta na kukisahau kisanduku, halafu wanashangaa waifai ipo na intaneti haipo. Kwa wanaohofia Cash Power, umeme wa kulipia kabla, kifaa cha wati 10 kinachowaka mwezi mzima hula uniti zisizozidi saba na nusu.

Radi ni jambo zito zaidi. Rwanda ni nchi ya radi. Machi 2018 radi moja iliua watu 16 kanisani wilayani Nyaruguru. Kwa vifaa, njia ya radi ni shaba: waya wa umeme, na waya wowote wa mtandao unaopita nje. Kioo cha faiba hakipitishi umeme, ingawa baadhi ya nyaya zake huwa na chuma cha kuzishikilia. Mvua za masika zikianza kunguruma juu ya mlima, chomoa adapta ukutani. Kizuia mawimbi ya umeme husaidia dhidi ya mapigo madogo ya gridi. Radi ya karibu haimheshimu mtu.

Hadi hapa nimesema juu ya vitu unavyoweza kuvishika. Kilicho muhimu kwa kudumu kwa ruta hakishikiki: programu iliyo ndani yake na kama kuna mtu bado anaitengeneza. Mei 2018 iligundulika kwamba virusi vilivyopewa jina VPNFilter vimeingia kwenye ruta zipatazo 500,000 katika nchi 54, na FBI ikaomba watu duniani kote wazime na kuwasha ruta zao. Zilizoathirika zilikuwa za majina makubwa: Linksys, MikroTik, Netgear, TP-Link. Jina kubwa si kinga. Kinga ni masahihisho yanayotoka na wewe kuyaweka. Kabla ya kulipa, simama pembeni ya duka, fungua tovuti ya mtengenezaji kwa simu yako, tafuta modeli hiyo, na uangalie tarehe ya programu ya mwisho. Ikiwa ni ya miaka minne iliyopita, rudisha boksi kwenye rafu. Angalia pia toleo lililoandikwa kwenye kibandiko cha chini, kama V2 au V4, kwa sababu modeli yenye jina moja inaweza kuwa na vifaa tofauti ndani, na programu ya toleo moja haifai kwa jingine.

Kwa wenye mkono wa ufundi kuna njia nyingine ya kupata masahihisho. Linksys walipotoa WRT54G mwishoni mwa 2002, watu waligundua kwamba ndani yake mna Linux, na kampuni ikalazimika kutoa msimbo wake. Kutokana na msimbo huo ulizaliwa mradi wa OpenWrt mwaka 2004, ambao hadi leo hutoa programu mpya bure kwa ruta nyingi ambazo waliozitengeneza wamekwisha kuzisahau. Ukipata ruta iliyotumika ambayo ipo kwenye orodha ya OpenWrt, umepata mali. Ila usijifunzie kwenye ruta pekee ya nyumba usiku wa kuamkia mtihani wa mtoto.

Mipangilio ya siku ya kwanza haichukui nusu saa. Badilisha nywila ya kuingilia ndani ya ruta, ile ya admin, maana hiyo ndiyo wezi hujaribu kwanza. Chagua WPA3, au WPA2 kama kuna vifaa vya zamani. Zima WPS, kwa sababu udhaifu wake umejulikana tangu 2011. Washa masahihisho ya kujiendesha yenyewe kama yapo.

Mjini, iwe ndani ya jengo la CHIC au kwenye maduka ya Mateus, bei hubadilika kutoka ngazi hadi ngazi ya jengo lilelile, kwa hiyo tembea. Dai faktira ya EBM, ile ya mashine ya kodi; bila hiyo dhamana ni maneno ya mdomo. Omba boksi lifunguliwe na ruta iwashwe. Jihadhari na visanduku vya faiba vilivyotumika vinavyouzwa kama ruta kwa bei ya kuchekesha. Vingi ni vya kampuni, vimefungwa kwa mtandao wake, na nyumbani kwako vitabaki kuwa pambo.

Limebaki suala la aneksi, ile nyumba ndogo ya nyuma ambayo wengi Kacyiru huipangisha. Mpangaji anaomba waifai, mwenye nyumba anataka kugawana gharama, na kati yao kuna ua na kuta mbili. Soma kwanza mkataba wako kama unaruhusu. Kisha usimpe mpangaji nywila ya nyumba kubwa. Washa mtandao wa wageni wenye jina na nywila yake, ili asiione kompyuta yako wala printa. Kufikisha mawimbi huko, tumia waya. Nunua wa shaba tupu, Cat5e au Cat6, si ule wa alumini iliyopakwa shaba unaouzwa kwa bei nusu. Mwisho wake ni mita 100. Upitishe ndani ya bomba lililofukiwa badala ya kuuning'iniza hewani, kwa ajili ya radi na kwa ajili ya majembe. Upande wa aneksi weka ruta yako ya zamani, uibadilishe iwe kituo cha kurushia tu, na kama haina mpangilio huo, zima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani), uipe anwani tofauti na ya ruta kubwa, na uchomeke waya kwenye tundu la LAN badala ya WAN. Nyumba kubwa itumie chaneli 1 kwenye 2.4, aneksi itumie 11, na jirani wa juu, kama mnasalimiana, mwombe akae kwenye 6.